Chombo Kimoja cha Kazi Zote, au Kila Chombo na Kazi Yake?



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika Chama cha Muziki tangu muhula huu ulipoanza. Wanafunzi wa zamani wa shule hii wameahidi kutupa fedha za kununua vyombo vipya vya kutungia muziki kwa kompyuta. Twawashukuru sana. Lakini kabla fedha hazijafika sisi tumekwisha kugawanyika makundi mawili, na kundi langu ndilo dogo. Wengi wanataka kinunuliwe chombo kimoja kikubwa chenye kila kitu ndani yake. Mimi na wenzangu wanne twataka vinunuliwe vyombo mbalimbali, kila kimoja na kazi yake. Fedha ni za kaka zetu waliotutangulia, nao husoma gazeti hili. Yafaa wasikie hoja zetu sasa, wasije wakazisikia baada ya fedha kwisha.

Najua wako wazee wetu ambao zamani zao muziki wa shule ulikuwa kinanda cha kanisani, amadinda na ngoma tu. Kwa ajili yao nitaeleza kidogo, na wanaojua waruke fungu hili. Chombo ninachokisema hakina sauti yake mwenyewe. Ukikibonyeza bila kompyuta utasikia plastiki ikigonga plastiki, basi. Kazi yake ni kupeleka amri: kibao namba 60 kimebonyezwa, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi hiki, sasa kimeachwa. Kompyuta ndiyo yenye sauti, nayo ikipokea amri hulia kama piano, au zeze, au ngoma, kwa jinsi ulivyoichagulia. Lugha ya amri hizo ndiyo MIDI. Nguvu ya mkono huhesabiwa kutoka 0 mpaka 127, na waya mmoja huchukua njia 16 zisizochanganyikana.

Lugha hiyo ilitolewa mwaka 1983. Waliohangaika nayo zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, ambao waliwaomba watengenezaji wenzao, wote washindani wa biashara, wakubali kusema lugha moja. Januari ya mwaka huo kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland katika maonyesho kule California. Mtu akabonyeza kimoja, na cha pili kikaitika. Nakumbusha habari hii kwa sababu mwenzetu mmoja alisimama mkutanoni akasema ati vyombo vitatu vya watengenezaji watatu havitasikilizana. Jambo hilo ndilo MIDI ilibuniwa kuliondoa, na imekuwa ikiliondoa kwa miaka zaidi ya 40.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe. Wenzangu wanaitaja M-Audio Oxygen 49. Ina vibao 49 vya kinanda, padi 8 za mpira za kugonga kwa vidole, vifundo 8 vya kuzungusha, na vitelezi 9 vya kusogeza juu na chini kuongeza au kupunguza sauti. Si chombo kibaya, wala sina ugomvi nacho. Sisi twasema: kinunuliwe kinanda kitupu chenye vibao 49 tu, na kando yake sanduku la padi 16, kama lile la Akai liitwalo MPD218. Vitelezi navyo vipo vya peke yake, kwa mfano nanoKONTROL2 ya Korg, lakini juu ya vitelezi nitasema baadaye.

Hoja za upande wa pili ninazijua vizuri, kwa kuwa mwaka juzi mimi mwenyewe nilizisema. Chombo kimoja ni bei nafuu kuliko viwili au vitatu. Kina waya mmoja na tundu moja la USB. Huwekwa katika mfuko mmoja, na mtu mmoja hukibeba. Programu ya kompyuta hukitambua chote mara moja, wala huna haja ya kukaa saa nzima kuifundisha kifundo hiki ni cha nini na kile ni cha nini. Na mtu anayefanya kazi peke yake usiku hupata kila kitu chini ya mikono yake bila kugeuka. Yote hayo ni kweli.

Lakini angalieni maneno hayo: mtu anayefanya kazi peke yake. Chama chetu kina watu 27. Twakutana Jumatano saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili, siku moja kwa juma. Kwa miaka miwili tulikuwa na chombo kimoja kidogo cha kazi zote, chenye vibao 25 na padi 8. Nani alikipiga? Mtu mmoja. Wengine walisimama nyuma ya kiti chake wakitazama mabega yake. Na mara nyingi mtu yule alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa katibu na ufunguo wa kabati ulikuwa wangu. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza zamu yake ni lini. Nikamwambia juma lijalo. Alikuja majuma matatu akisimama palepale karibu na dirisha, kisha hakuja tena. Sasa yumo katika timu ya mpira, na nikikutana naye njiani hunisalimu vizuri tu, lakini mimi naona haya. Kijana yule hupiga amadinda kuliko yeyote kati yetu.

Kinanda na padi vikitengana, watu wawili wanaweza kuketi mezani wakati mmoja. Mmoja anapiga vibao katika njia ya 1, mwingine anagonga ngoma katika njia ya 10, ambayo tangu mwaka 1991, kwa utaratibu uitwao General MIDI, imekubaliwa kuwa njia ya ngoma. Kompyuta huwapokea wote wawili bila kuchanganya. Mtu atasema, hata chombo cha kazi zote chaweza kupeleka padi katika njia ya 10. Chaweza. Lakini jaribu kuwaweka watu wawili mbele ya kitu chenye upana wa meza ya shule, mmoja akibonyeza kwa mikono miwili na mwingine akipenyeza mkono juu yake ili afikie padi. Tulijaribu. Walicheka mpaka Bruda akaja kuuliza kuna nini.

Mweka hazina wetu, ambaye ni mwenye akili nyingi katika kubishana, alinijibu hivi: “Amadinda ni chombo kimoja, na hupigwa na watu watatu. Mbona hukutaka ikatwe vipande?” Nilikaa kimya usiku mzima nikilifikiri neno lake. Ni kweli, amadinda ina mbao 12, na wapigaji watatu: omunazi anayeanza, omwawuzi anayeingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya omunazi, na omukoonezi mwenye mbao mbili za juu kabisa. Lakini watu wale huketi pande zote mbili, wanatazamana, na ubao hauna mbele wala nyuma. Aliyeitengeneza alijua tangu mwanzo kwamba ni ya watu kadhaa. Chombo cha kazi zote kimetengenezwa kwa kifua kimoja. Ukiketi upande wa pili, maandishi yote yamepinduka na vibao vizito vya kushoto vimekuwa kulia kwako. Kwa hiyo amadinda namshukuru kwa kuitaja, maana inanisaidia mimi.

Na si hapo tu. Muhula uliopita tulitaka kuingiza sauti ya amadinda ya shule katika kompyuta, kwa sababu mbao zake mbili zimepasuka na hatujui itadumu muda gani. Tulirekodi ubao mmoja mmoja, asubuhi na mapema kabla ya kengele, tukapata sauti 12. Swali likawa: tuziweke wapi? Tulipoziweka katika vibao vya kinanda ilikuwa mchafuko mtupu. Oktava ya piano imegawanywa hatua 12. Ya amadinda ina hatua tano zilizo karibu kulingana. Aliyezoea piano alibonyeza vibao viwili vya oktava akasikia sauti zisizohusiana. Aliyezoea amadinda hakuelewa kabisa vibao vyeusi ni vya nini. Tukajaribu padi za chombo chetu. Padi ni 8, mbao ni 12. Nne zilibaki nje. Ilitubidi tuziweke katika safu ya pili, na kila ukizitaka sharti ubonyeze kitufe cha kubadili safu, na kwa mwendo wa amadinda ukibonyeza kitufe umekwisha kuachwa nyuma mapigo manne. Mbao mbili za omukoonezi zilikuwa huko katika safu ya pili. Muziki ukawa hauna kichwa.

Tuliokolewa na mwanafunzi wa zamani mmoja mwenye studio yake mjini, ambaye alituazima sanduku lake la padi 16 kwa likizo fupi. Padi zake ni mraba wa nne kwa nne, mpango uliotangazwa na mashine ya Akai iitwayo MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn na kutolewa mwaka 1988. Kumi na mbili zilikaa mbao zetu, nne zilizobaki tukaziweka ngoma. Sitasema lilikuwa sawa na amadinda yenyewe, kwa maana mbao ziko katika mstari na padi ziko katika mraba, na vidole vyetu vilipotea siku mbili za kwanza. Wala watu wawili hawaenei juu ya sanduku lile. Ilibidi turekodi omunazi kwanza, kisha omwawuzi amfuate akimsikiliza. Lakini siku ya tatu tulisikia wimbo ukifungamana, mapigo ya mmoja yakianguka katikati ya mapigo ya mwingine kama inavyotakiwa, na mwenzetu mwingine wakati huohuo alikuwa kwenye kibodi iliyokuwa ya chuo cha walimu, akitafuta nyuzi za chini za kusaidia. Hiyo ndiyo siku niliyogeuka.

Bwana yule wa studio alinieleza tena kwamba yeye alianza na chombo cha kazi zote. Padi zake zilichakaa upesi kwa sababu ndizo alizozigonga kila siku. Vibao vyake hata leo ni vizima. Basi akanunua padi za kando, na zile za zamani zimebaki palepale mbele yake, hazitumiki, zinashika vumbi na kula nafasi ya meza. Alilipia padi mara mbili.

Nije kwenye kinanda. Waimbaji wa kanisa ni sehemu kubwa ya chama chetu, na wimbo wa kanisa una sauti nne. Kutoka chini kwa besi mpaka juu kwa soprano huhitaji karibu oktava tatu. Vibao 25 ni oktava mbili tu. Mpigaji alilazimika kuacha besi au kuibonyeza juu mahali pasipo pake, na vibao vyenyewe vilikuwa vidogo, vya vidole vya mtoto. Vibao 49 vya ukubwa wa kawaida ni oktava nne, vyatosha. Hapa sina ubishi na wenzangu, nao pia wanataka 49. Tofauti ni hii: kwa fedha zilezile, mtengenezaji anayetia vibao peke yake hahitaji kugawa gharama kwa taa na vifundo, na mara nyingi mkono huisikia tofauti hiyo katika vibao.

Sasa neno la masikitiko. Mwaka jana, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, tulialikwa kupiga mbele ya wazazi. Nusu saa kabla ya kuanza, mtu mmoja (simtaji, naye amekwisha kujuta) alijikwaa katika waya. Waya haukukatika, tundu la USB ndilo liling'oka ndani ya chombo. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa ndani ya chombo kimoja chenye tundu moja, kila kitu kilikufa papo hapo: vibao, padi, vifundo, vyote. Wazazi walisikiliza nyimbo mbili bila vyombo na hotuba moja ndefu kuliko ilivyopangwa. Fundi wa redio mjini alilitia risasi lile tundu, nalo likafanya kazi siku tisa. Kama padi zingekuwa peke yake, tungepoteza kinanda tu na kupiga kwa ngoma, au tungepoteza ngoma na kupiga kwa kinanda.

Ni haki niseme na udhaifu wa upande wangu. Kompyuta ya chama ina matundu mawili ya USB yanayofanya kazi, na moja hushikwa na kifaa cha kurekodia sauti. Kwa hiyo vyombo viwili vitahitaji habu ya kugawa tundu. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa umeme wa miliampea 500, na vyombo vyote vilivyomo katika habu hugawana hizo. Chombo chenye taa nyingi hula sana. Kikikosa, hujizima na kujiwasha, na kompyuta hulalamika. Habu yenye umeme wake wa ukutani ni dawa, lakini sote twajua habari ya umeme wa ukutani hapa kilimani. Umeme ukikatika laptopu itaendelea kwa betri yake na habu itarudi kwenye umasikini wa miliampea 500. Hili ndilo neno lao la nguvu kuliko yote. Jibu langu ni nusu tu: tuchague vyombo vyenye taa chache, na tusiweke vitatu.

Ndiyo maana nasema vitelezi vingoje. Kati ya vyombo vyote ndivyo anayeanza huvigusa mara chache, na kazi yake yaweza kufanywa na panya ya kompyuta ingawa polepole. Tena vitelezi vya bei yetu havina mota. Ukifungua wimbo mwingine, kitelezi hubaki kilipokuwa jana, na sauti ndani ya programu iko mahali pengine. Ukikigusa kidogo tu sauti hurukia kwake ghafla. Tumeruka nacho vya kutosha.

Na juu ya bei: vyombo viwili ni ghali kuliko kimoja vikinunuliwa siku moja. Havina lazima ya kununuliwa siku moja. Michango ya wanafunzi wa zamani, kama Mwalimu Mkuu alivyotueleza, itakuja kwa mafungu mawili, moja muhula huu na jingine mwakani. Fungu la kwanza linunue kinanda, maana kibodi ya chuo cha walimu imekwisha kurudishwa. La pili linunue padi. Ukinunua chombo cha kazi zote kwa fungu la kwanza, la pili litanunua nini? Nimeuliza swali hili mara mbili, na jibu nililopata ni spika. Spika tunazo.

Wenzangu wamenicheka kwa jambo moja, na afadhali nilitoe mwenyewe. Walinisikia nikisema kwamba nitakapotoka shuleni Desemba na kupata fedha kidogo, nitajinunulia chombo kidogo cha kazi zote, vibao 25, kinachoingia katika mkoba na kupanda bodaboda. Ni kweli nilisema, na nitafanya. Nyumbani nitakuwa peke yangu chumbani, kompyuta yangu itakuwa na tundu moja zima, na hakuna mtu wa Kidato cha Pili atakayesimama dirishani akingoja. Mimi nitakuwa nimeondoka, na vyombo vya shule vitabaki na watu 26 na wengine watakaokuja Februari.

Mkutano ni Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika darasa la jiografia, na wanafunzi wa zamani watakaofika siku ile ya kutembelewa wanakaribishwa kusema, hata wale wa upande wa pili. Chombo kilichong'oka tundu bado kipo katika kabati la chama, rafu ya chini, pamoja na rekodi za mbao 12. Ufunguo sasa hauko kwangu. Nimempa yule kijana wa mpira, akakubali kuutunza. Atakayetaka kutazama amtafute uwanjani saa kumi na moja.